Masikio ya Shangazi

Baada ya arobaini ya shangazi yangu, wakubwa walikaa kugawa vitu vyake. Vitenge vikaenda kwa mawifi, sufuria kwa majirani waliomuuguza, na mimi nikaitwa mbele nikapewa begi la kamera. Sikulifungua pale. Nilisafiri nalo mpaka kwangu, nikaliweka juu ya kabati, na miezi ikapita kabla sijapata moyo wa kuvuta zipu yake. Nilipoivuta, harufu ikanijia usoni: ngozi kuukuu, naftalini, na ile harufu ya vikopo vyeusi vya plastiki vilivyokuwa vinahifadhi mikanda ya picha. Ninyi wa rika langu mnaijua. Tulikuwa tunaokota vikopo vile tukatia vifungo au karanga, na hata kikikaa mwaka mzima, ukikinusa bado kinanuka dawa, kitu kama siki na mpira. Nilikaa sakafuni na begi mapajani. Nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimechuchumaa ndani ya kichaka chenye unyevu, mkono wangu uko juu ya bega la mwanamke asiyesikia.

Shangazi Veronika alikuwa dada mkubwa wa baba. Kabla sijapata akili ya kukumbuka mambo, alikuwa na studio pale Manyoni mjini, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na alikuwa ameolewa Kintinku. Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini homa iliondoka na masikio yake yote mawili. Mimi sikumjua akisikia. Ninachokumbuka ni kwamba siku moja alishuka kwenye basi pale barabarani akiwa na sanduku, godoro na lile begi, mumewe hayupo, akaanza kuishi kwetu katika chumba cha pembeni. Hakuna aliyenieleza kisa chake, na mimi nilikuwa nimeshafundishwa kwamba mambo ya ndoa za wakubwa mtoto haulizi.

Kwa kuwa alijifunza kusema kabla hajaugua, aliendelea kusema kama sisi, ila hakuweza kuipima sauti yake. Alinong'ona kanisani, mhubiri akanyamaza kumsubiri amalize. Ukitaka akuelewe ulisimama mbele yake, ukafungua mdomo vizuri, naye akasoma midomo yako kwa macho makali ambayo mwanzoni yalinitisha. Pale midomo iliposhindwa, nilimwandikia kwa kidole kwenye kiganja chake. Aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la bibi, mama yake mzazi, na kila aliponiita hivyo nilijiona nimeongezeka kimo.

Kijiji chetu kiko pembeni mwa vichaka vya Itigi. Nikiwaambia watu wa mjini kwamba nimekulia porini, wanafikiri ni miti mirefu na kivuli kizuri. Si hivyo. Vile ni vichaka vya kusongamana, vyenye kimo cha watu wawili hivi, matawi yameshikana kama nywele ambazo hazijachanwa, na wakati wa kiangazi vyote ni vya rangi ya majivu, havina jani hata moja. Mbuzi mwenyewe huingia kwa ubavu. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, ndani ya siku chache kila kitu kinakuwa kijani, na mtu aliyesimama mbele yako akisogea kidogo tu humwoni tena. Chini hakuna majani ya malisho, ni udongo wa kichanga na mabaki ya majani yaliyooza, jongoo wekundu, konokono, na harufu kama ya chungu kipya kilichotiwa maji.

Ilikuwa karibu na mvua hizo, tukiwa tunakula jioni, shangazi alipotangaza jambo lake.

"Yohana," akamwambia baba, kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka kwa jirani, "mvua zikianza nataka kuingia vichakani. Kuna ndege adimu nataka kumpiga picha."

Akaeleza. Zamani, akiwa na studio, mtafiti mmoja alimletea mikanda amsafishie picha. Picha zote zilikuwa za vichaka vyetu na ndege wake wote, isipokuwa ndege mmoja. Huyo anakuja na mvua kutoka mbali, anatembea chini kama kuku, wachache wamemsikia na wachache zaidi wamemwona. Mtafiti alikaa msimu mzima akaondoka bila picha yake.

"Nilimwambia ipo siku nitakwenda mimi," shangazi akasema. "Wakati huo nilikuwa na masikio, ila sikuwa na nafasi. Kila siku pasipoti, kila siku harusi. Sasa nafasi ninayo."

Baba akaacha kula, akamgeukia ili amwone vizuri. "Dada, hapana."

"Hapana nini?"

"Mle ndani kuna nyoka. Mvua zikianza tembo wanapita. Mwenye masikio yake anasikia kijiti kikivunjika, anageuka. Wewe utageuzwa na nini?"

Shangazi aliyasoma maneno hayo mpaka mwisho. Sikuona akiudhika. Akaninyooshea mkono, tonge likiwa bado vidoleni.

"Nitageuzwa na huyu."

"Mtoto ana shule, wifi," mama akasema, akasahau kumtazama, ikabidi nirudie mimi.

"Shule zinafungwa Desemba," shangazi akajibu.

Baba alikaa na jambo hilo kwa muda, akilima huku amenuna, mpaka wingu la kwanza lilipojaa upande wa mashariki. Asubuhi ile alitusimamisha wote wawili uani. Akamshika shangazi kifundo cha mkono, akachukua mkono wangu akauweka juu yake, akauminya kwa nguvu mpaka niliumia.

"Akikuminya hivi, unaondoka," akamwambia, akitamka kila neno peke yake. "Huulizi. Humalizii. Hata kama huyo ndege amekaa mapajani mwako. Unaondoka."

"Nimesikia," shangazi akasema. Aliendelea kulitumia neno hilo mpaka mwisho wa maisha yake, na siku ile hakuna aliyecheka.

Mimi nilikuwa nimeshapotea tangu ile jioni ya chakula. Neno "adimu" halikuwa neno la kwetu. Nyumbani tuliongea Kinyaturu, Kiswahili chetu kilikuwa cha shuleni, dukani na kanisani, na kitu kisichopatikana tulisema hakipatikani, basi. Niliposikia "ndege adimu" nilijua kabisa kwamba ni ndege wa Adimu, ila shangazi alimeza neno kwa haraka. Na Adimu angekuwa nani kama si yule mume wa Kintinku ambaye jina lake halikutajwa kwetu? Nikajipangia kisa chote. Adimu alikuwa na ndege wake wa thamani, akampotelea, akakasirika, akamwacha shangazi. Sasa ndege huyo ameonekana kwenye vichaka vyetu. Shangazi akimpelekea picha yake, moyo wa Adimu utalainika, atakuja kumchukua mkewe. Nilipokuwa natembea nyuma yake asubuhi ile ya kwanza nimebeba kigoda, nilikuwa na nia mbili kifuani. Nilitaka ndege apatikane ili shangazi aache kukaa peke yake kwenye chumba cha pembeni. Na sikutaka apatikane, kwa sababu shangazi angeondoka.

Tulijenga kibanda cha matawi na magunia kando ya gogo lililoanguka, mahali ambapo shangazi aliona konokono waliovunjwa maganda. Alikagua maganda yale kwa muda mrefu, akayapanga juu ya kiganja, akasema, "Hapa kuna mtu anakula." Kisha akasimamisha stendi ya kamera, akafunga ile lenzi ndefu aliyoinunua mtumba, akachungulia, akatoka nje, akasogeza gogo kwa bega lake, akarudi kuchungulia. Alikuwa anatafuta mahali ambapo mwanga wa asubuhi ungepita katikati ya majani ukaanguka juu ya gogo. Alinionyesha kwa kidole jinsi ile alama ya mwanga ilivyokuwa inatembea, na kweli, nikiangalia pembeni kisha nikirudisha macho, ilikuwa imehama. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mwanga unatembea. Mpaka leo siwezi kuingia chumba bila kuangalia umefikia wapi.

Siku za mwanzo tulifukuza kila kiumbe. Shangazi aliponong'ona, ndege waliruka hata upande wa pili wa njia. Tukakubaliana niguse goti lake kila anaposikika, na goti lile lilichoka. Nyuki wadogo wa jasho walitujaa machoni. Mvua ilitunyeshea, tukafunika kamera kwa kanga na sisi tukalowa. Lakini sikumwona akikata tamaa wala kukasirika. Alikaa kwenye kigoda chake mgongo umenyooka kama anayesubiri kuitwa mbele ya watu, na macho yake yalifanya kazi ya macho na masikio kwa pamoja. Aliona jani likitikisika mahali ambapo mimi niliona ukuta wa kijani. Aliona kivuli cha mwewe chini na akajua kwa nini vichaka vimenyamaza, ingawa ukimya wenyewe hakuusikia. Aliniuliza tu, "Wamenyamaza?" Nikaitikia kwa kichwa, na nikajiuliza amejuaje.

Alinifundisha na kusikiliza, yeye asiyesikia. "Usihangaike kujua ni ndege gani, Mama," aliniandikia kwa kijiti kwenye mchanga, ili asiseme. "Niambie yuko wapi." Bega la kulia, yuko kulia. Bega la kushoto, kushoto. Mkono katikati ya mgongo, mbele moja kwa moja. Nikigusa kwa kidole kimoja, yuko mbali. Kwa kiganja chote, yuko karibu. Nilianza kuzitenga sauti moja moja, kama mtu anavyochambua mchele: hua yule, kanga wale, yule ni shoka la mkata miti kule barabarani, na ule ni upepo tu. Nyumbani nilianza kusikia mambo ambayo zamani yalinipita. Nilimsikia mama akihema kwa uchovu akidhani yuko peke yake. Nilimsikia baba akimwomba Mungu nyuma ya zizi, akimtaja dada yake.

Kisha asubuhi moja nikaisikia sauti ambayo sikuwa nayo kwenye hesabu zangu. Ilikuwa moja tu, fupi, kama tone kubwa la maji linalodondokea ndani ya debe tupu. Kwoip. Na baada yake mbawa, prrr, halafu kimya. Niliweka kidole kwenye bega lake la kushoto, nikakikandamiza kuliko siku zote, naye akaelewa. Hakugeuza kichwa haraka. Aligeuza macho kwanza, kisha uso, kisha kamera, kama ua linavyofuata jua. Hatukumwona. Kesho yake tukamsikia tena, namaanisha nilimsikia, na hatukumwona. Ikawa hivyo kwa muda. Tulikuwa tunarudi nyumbani njaa inauma, shangazi akinisimamisha njiani aniulize kwa sauti yake kubwa, "Alikuwa karibu zaidi ya jana?" na nikisema ndiyo, alipiga kofi moja la furaha akaendelea kutembea.

Siku aliyotokea, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kumbikumbi walikuwa wamejaa chini, mbawa zao zimetapakaa kila mahali. Nilisikia lile tone la maji karibu sana hivi kwamba niliweka kiganja chote katikati ya mgongo wa shangazi nikasahau kukiondoa. Akatia jicho kwenye kamera. Na pale kwenye gogo, ndani ya kile kipande cha mwanga, akaruka ndege mmoja akatua.

Nilikuwa nimetegemea ndege mkubwa, kwa vile ndiye aliyevunja ndoa. Hakuwa mkubwa kuliko kifaranga cha kuku. Kichwa cheusi chenye mistari ya rangi ya mtama, mgongo wa kijani, kifua cha rangi ya haradali, na begani alikuwa na vidoa vya bluu iliyowaka, bluu ambayo sijawahi kuiona kwenye kitu kingine chochote. Chini ya tumbo alikuwa mwekundu kama amekalia pilipili. Alitembea juu ya gogo, akainama, akajivuta. Kisha akaruka juu kidogo, wima, akafungua mbawa, akasema neno lake, akarudi palepale. Kwoip. Shangazi hakupiga picha. Nilimtazama kwa pembeni. Alikuwa anasubiri ule mruko, amejifunza mpangilio wake kwa macho, na uso wake ulikuwa umetulia na kung'aa kama uso wa mtu anayesikia.

Hapo ndipo nikasikia kitu kingine, nyuma yetu. Tawi lilivunjika, tawi nene, si kijiti. Kisha likavunjika la pili. Kisha mngurumo wa chini chini, kama tumbo la mtu mwenye njaa ila ni tumbo la ukubwa wa nyumba. Baba alikuwa ameniigizia mngurumo ule mara nyingi ili nisije nikaukosea. Tembo.

Ndege alikuwa bado kwenye gogo. Alikuwa anajivuta tena. Nilijua, kama hata mtoto anavyojua, kwamba kwa muda mdogo tu zaidi shangazi atakuwa nayo picha yake, na Adimu, na kila kitu. Mkono wangu ukashuka kutoka mgongoni kwake, ukakishika kifundo cha mkono, ukaminya kwa nguvu zangu zote.

Nilisikia kamera ikisema klak, mara moja. Na papo hapo shangazi akasimama. Hakunitazama kuniuliza. Hakurudisha jicho kwenye kamera. Aliifungua kutoka kwenye stendi, akaikumbatia kifuani, akanishika mkono, akaacha kigoda, akaacha stendi, akaacha ndege, tukatoka kwa upande wa mashambani, kwa kutembea na si kwa kukimbia, kama baba alivyotufundisha. Nilipogeuka niliona mgongo wa kijivu uliolowa ukipita juu ya vichaka, taratibu, na mwingine nyuma yake, na matawi yakilala chini yao kama nyasi.

Tulipofika kwenye alizeti za baba, shangazi akakaa chini katikati ya mistari.

"Walikuwa nini?" akauliza.

Nikaning'iniza mkono wangu mbele ya pua, nikauyumbisha.

Akanivuta akanilaza kifuani pake pamoja na kamera, ile lenzi ikanichoma mbavu, na nikasikia moyo wake unavyokwenda. Nilikuwa nalia. Nililia kwa sababu ya tembo na kwa sababu nilijua nimeharibu picha.

Baba alitukuta pale. Alipojua kilichotokea, alichuchumaa mbele ya dada yake.

"Alikuminya?"

"Aliniminya."

"Na ndege alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa mbele yangu kama wewe ulivyo sasa."

"Ukaondoka?"

"Nikaondoka."

Baba aliinamisha kichwa. Kisha akamwambia dada yake, mbele ya mtoto, neno ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu mzima: "Asante." Jioni, tembo walipokuwa wamekwenda zao, alichukua majirani akaingia mwenyewe kufuata vile vitu. Kibanda kilikuwa kimekanyagwa kikawa sawa na ardhi. Kigoda kilikuwa vipande. Stendi ilirudi imepinda mguu, na kesho yake baba aliinyoosha kwa nyundo, mchana mzima, kwa uangalifu ambao hata jembe lake hakuwahi kulifanyia.

Lakini picha ilikuwa imefungiwa ndani ya kamera, na mkanda ulikuwa haujaisha. Wa rika langu mnakumbuka: mkanda hausafishwi mpaka uishe. Kwa hiyo shangazi akaanza kutupiga sisi. Mama alivaa kitenge kipya akasimama mbele ya mtungi. Baba alikaa na redio mapajani, amekaza uso kama anayeapishwa. Majirani walikuja wamejipaka mafuta. Shangazi aliwapanga wote kwa uvumilivu uleule wa kumsubiri yule ndege, akiwasogeza mpaka mwanga uwaangukie vizuri, na nilivyomtazama nilielewa kidogo kwa nini watu walikuwa wanatoka vijiji vya mbali kwenda studio yake. Mkanda ulipoisha akaufungasha, akaukabidhi kwa dereva wa basi aupeleke mjini kwa fundi aliyekuwa anafanya naye kazi zamani.

Tukawa tunasubiri. Siku moja tukipalilia alizeti, sikuweza kuvumilia zaidi. Nikamsimamia mbele.

"Shangazi, Adimu akiiona picha, atakuja?"

Akasoma midomo yangu, akakunja uso. "Nani?"

Nikachukua kiganja chake, nikaandika herufi moja baada ya nyingine. Akakitazama kiganja. Kisha akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka kikubwa hivi kwamba baba, kule mwisho wa shamba, aliinua mgongo kuangalia.

"Adimu si mtu, Mama! Ni kitu kinachoonekana kwa shida, kilicho kichache. Ndege adimu. Mume wangu anaitwa Elia, na ndege hana. Ana pikipiki."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta. Akachuchumaa ili tulingane.

"Wewe ulikuwa unataka arudi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Halafu nikakataa kwa kichwa.

"Na mimi nilikuwa hivyo hivyo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka ndogo, ya kunitosha mimi peke yangu. "Sasa sitaki tena. Shika jembe."

Bahasha ililetwa na basi la mchana. Shangazi hakuifungua mpaka wote tulipokaa. Alimpa mama picha yake, mama akaificha kifuani kwa aibu. Alimpa baba yake, baba akaishika mbali na macho akasema, "Kumbe nimezeeka." Akatoa za majirani moja moja. Nilikuwa nimeinuka kwa ncha za vidole vya miguu. Mwishowe akaitoa ile moja, akaitazama kwanza yeye, muda mrefu, uso hauna dalili yoyote, kisha akanigeuzia.

Ndege alikuwa hewani. Miguu yake ilikuwa imeachana na gogo, mbawa zimefunguka zote mbili, ile bluu inawaka, lile tumbo jekundu liko wazi, na mdomo wake ulikuwa umefunguka katikati ya neno. Nyuma yake majani yalikuwa kijani kilichoyeyuka. Kitu kimoja tu kilipungua. Picha ilikuwa imelala upande kidogo, na ncha ya mkia ilikuwa imebaki nje.

Shangazi akaweka kucha yake pale mkia ulipokatikia.

"Hapa," akasema, "ndipo uliponishika."

Nilitaka kusema samahani, lakini aliniona midomo ikianza akatikisa kichwa. Miaka iliyofuata alimpiga picha ndege yule tena, mara nyingi, mkia wote ukiwemo, na watu walikuja kutoka mbali kuzitazama na kuziomba. Nakala ya ukutani chumbani kwake ilikuwa ni ile iliyokatika, siku zote, mpaka alipofariki.

Baba na mama waliporudi kwenye kazi zao, tulibaki wawili kwenye mkeka, picha iko katikati yetu. Alikuwa anautazama ule mdomo uliofunguka.

"Mtafiti aliniambia anavyolia," akasema. "Nimesahau. Analiaje?"

Nikasema. Akasoma midomo yangu, akakunja uso. Midomo haikumwambia kitu. Nikamshika mkono. Nikavichukua vidole vyake nikaviweka kooni kwangu, chini ya kidevu, nikasema tena, kutoka ndani kabisa: kwoip. Macho yake yakafunguka.

"Tena."

Nikasema tena. Akafumba macho. Nikarudia mpaka koo likaniuma, na kila mara vidole vyake vilisogea kidogo, vikitafuta mahali inapoanzia na mahali inapoishia. Kisha akaviondoa, akaviweka kooni kwake mwenyewe, akajaribu. Ilitoka sauti nzito kama ya beberu, kuku wakatawanyika uani. Nikakataa kwa kichwa. Akajaribu tena, ikawa ndefu mno. Nikakataa. Mama alichungulia kutoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani. Shangazi akanishika koo, akajishika lake, akavuta pumzi, na safari hii ikatoka fupi, ya mviringo, moja tu, kama ilivyokuwa juu ya lile gogo.

Nikaweka uso wangu mbele ya uso wake ili anione vizuri.

"Ndiye huyo," nikamwambia.